Mtunzi Aliyeziunda Nyimbo kwenye Meza ya Seremala

Sisi Waswahili tuna neno moja tulitumialo kwa kazi mbili. Apitishaye ushanga katika uzi hutunga, na apangaye vina na mizani naye pia hutunga. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuona umbali mkubwa baina ya mkono na ulimi. Lakini leo ukimwuliza kijana mwimbaji, "Wimbo huu umeupata wapi?" atakujibu kwamba ulimjia tu, ghafla, kama mtu aliyepandwa na pepo. Habari za ufundi hazitaji.

Kwa sababu hiyo, msomaji mpenzi, leo nitakuhadithia habari za Mmarekani mmoja, jina lake Guy Clark, aliyekuwa fundi wa magitaa na mtunzi wa nyimbo za kienyeji za kwao. Kazi hizo mbili alizifanya maisha yake yote, na nionavyo mimi zilikuwa kazi moja.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Monahans, kwenye nyika kavu ya magharibi ya jimbo la Texas, ambako bibi yake alikuwa na hoteli. Katika wapangaji wa hoteli hiyo alikuwamo mzee mmoja mchimbaji wa visima vya mafuta, ambaye kwa yule mtoto alikuwa kama babu. Miaka mingi baadaye mzee yule alitungiwa wimbo uliopata sifa kubwa.

Kisha aila ile ikahamia Rockport, mji wa pwani kando ya Ghuba ya Meksiko. Huko kijana Guy alijifunza gitaa, na nyimbo zake za kwanza zilikuwa za Kihispania, lugha ya majirani zao wa Meksiko. Huko pia alipata kufanya kazi ya kuunda mashua za mbao. Hapo ndipo mimi, mtu wa mwambao, nilipoanza kumfahamu vyema.

Aliyewahi kusimama Matondoni, kisiwani Lamu, akatazama jahazi likiundwa, anajua kwamba fundi haanzi na rangi wala tanga. Huanza na mkuku na mataruma, vitu ambavyo abiria hatavitazama mara mbili. Gitaa nalo ni chombo cha namna hiyo. Mbavu zake ni vibao vyembamba vilivyopindwa kwa maji na moto. Uso wake, ambao mara nyingi ni mbao laini ya jamii ya msonobari, huparwa na kupigwa msasa mpaka ukabaki na unene wa milimita mbili au tatu tu. Ndani yake, pasipoonekana, mna vijiti vilivyogandishwa kwa gundi kuushikilia uso huo. Mimi sina jina bora la kuviita ila mataruma.

Vijiti hivyo vikiwa vinene, uso hautetemeki na sauti hufia ndani. Vikiwa vyembamba kupita kiasi, nyuzi zikikazwa huuvuta uso ukavimba, na mwisho ukapasuka. Kazi ya fundi imo baina ya hatari hizo mbili: apunguze mpaka chombo kiseme, lakini asipunguze hata kikavunjika.

Katika miaka ya 1960 Clark alikuwa na karakana ya kutengeneza magitaa mjini Houston, huku akiimba katika vilabu. Kisha akaenda California, akafanya kazi katika kiwanda cha ndugu wa Dopyera, waundaji wa magitaa ya Dobro. Mwaka 1971 alihamia Nashville baada ya kupata mkataba wa kuandika nyimbo. Wengine wakaanza kuziimba tungo zake, Jerry Jeff Walker alirekodi wimbo wake "L.A. Freeway" mwaka 1972. Lakini santuri yake mwenyewe ya kwanza, Old No. 1, haikutoka hadi mwaka 1975, naye ana umri wa kama miaka 34. Siku hizi mwimbaji wa umri huo asiye na santuri huambiwa akatafute kazi nyingine.

Nyumbani kwake Nashville alikuwa na chumba cha chini chenye meza ya kazi. Humo aliunda magitaa ya namna ya Kihispania, na humo humo akatunga nyimbo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliandika kwa penseli juu ya karatasi ya mirabamraba. Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao twaijua faida ya maandishi yanayofutika. Mwalimu asiporidhika, ubao ulioshwa, ukakauka, tukaanza upya.

Tazama wimbo wake uitwao "The Randall Knife", uliotoka mwaka 1983. Unahusu kisu cha baba yake, ambacho mzee alikwenda nacho vitani. Mtoto anakiazima, anakivunja ncha, na baba hamkaripii. Anakiweka kimya katika mtoto wa meza. Baba anakufa mwana akiwa na umri wa miaka 40, na mazikoni mwana hapati chozi. Anapoulizwa ataka nini katika vitu vya marehemu, anachagua kisu. Hapo ndipo chozi linapomtoka. Humo hamna hotuba juu ya mapenzi ya baba na mwana. Mtunzi amepara mpaka kimebaki kisu peke yake, na kisu kinasema yote.

Hapa ndipo ninapotuuliza sisi washairi. Mara ngapi tumetimiza mizani kumi na sita kwa kutia maneno ya viraka, mradi mstari ujae? Vina vimekaa na kituo kimekaa, lakini ubeti hauna sauti. Mataruma yamekuwa manene. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sikatai kwamba kipaji kipo, nacho hutoka kwa Mola. Hata mti mwema hutoka kwa Mola, lakini haujawahi kuota gitaa msituni.

Mkewe, Susanna, aliyekuwa mchoraji na mtunzi, alifariki mwaka 2012. Mwaka uliofuata Clark alitoa santuri aliyoiita My Favorite Picture of You, yaani picha yako niipendayo zaidi, na katika Januari 2014 ikapata tuzo ya Grammy ya santuri bora ya muziki wa kienyeji. Alikuwa amepita miaka 70. Aliaga dunia tarehe 17 Mei 2016.

Vijana wetu wanaotaka kutunga wasiione aibu meza ya seremala. Nami nawaachia ubeti huu:

Mti uliokauka, waweza kutoa neno,
Kwa fundi asiyechoka, mwenye mwepesi mkono,
Cha ziada kikitoka, hubaki kilicho nono,
Utungo nao hutaka, patasi na msumeno.