Mashine ya MIG kwa mfuko mdogo: hesabu ya Mbarara si hesabu ya Nakivale

Anayetaka mashine ya kuchomelea kwa kazi zake za nyumbani, awe anatengeneza banda la kuku, kitanda cha mtoto au dirisha la chumba cha nyuma, huanza kwa kuuliza bei. Lakini mashine hulipwa mara moja tu. Umeme, waya na gesi hulipwa kila unapofanya kazi, na kati ya Mbarara mjini na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, mwendo wa kilomita kama 60, gharama hizo hugeuka kabisa.

Tuanze na chuma chenyewe. Viti, vitanda na madirisha mengi hutengenezwa kwa bomba la mraba la inchi moja, lenye unene wa milimita 1.2 au 1.5. Hapo ndipo MIG, mashine inayolisha waya badala ya kijiti, inapostahili sifa zake. Kijiti cha milimita 2.5 huwaka vizuri kwenye ampea 70 au zaidi, na mkono usiozoea hutoboa bomba la 1.2 mara moja. Waya wa milimita 0.8 hutulia kwenye ampea 60 hadi 80, na mwanafunzi hupata kiungo cha kuaminika mapema zaidi. Kwa chuma kisichozidi milimita 4, ampea 100 hadi 120 zinamtosha mtu anayefanya ufundi kwa kupenda. Anayelipia 250 analipia nguvu ambayo umeme wa nyumba yake hauwezi kuilisha.

Hesabu yake ni hii. MIG ikichoma kwa ampea 100 hutumia volti kama 19 kwenye ncha ya waya, yaani wati 1,900. Mashine ya inveta hupoteza karibu asilimia 15, hivyo kutoka ukutani inavuta kilowati 2.2 hivi. Nyingi za bei nafuu huvuta umeme kwa mikupuo, kwa hiyo mzigo halisi unafika kVA 3.2. Kwa volti 240 za Uganda hizo ni ampea 13, kikomo kamili cha plagi ya miguu mitatu. Ukipanda hadi ampea 120, ukutani unavuta karibu 17. Hapo unahitaji laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, na gharama ya fundi umeme ni sehemu ya bei ya mashine.

Dukani, usisome namba kubwa iliyochorwa ubavuni. Geuza mashine, utafute kibandiko cha nyuma. I2 ni ampea inazotoa, I1max ni ampea inazovuta ukutani, na X ni sehemu ya kila dakika 10 inayoweza kuchoma bila kupumzika. Ikiandikwa X 30% kwenye ampea 160, maana yake ni dakika 3 za kuchoma na 7 za kupoa, kwenye joto la nyuzi 40. Joto ndani ya mashine hupungua haraka ampea zikishuka: hiyo hiyo ikiwekwa ampea 100 inaweza kuchoma karibu dakika 7 na nusu kati ya 10. Kwa hiyo mashine ya 160 ya kweli inamtosha mtu wa nyumbani. Isiyo na kibandiko hicho iache hapo hapo dukani, hata ikiwa nusu bei.

Sasa tuchukue dirisha moja lenye viungo 40, kila kimoja sentimita 10. Hizo ni mita 4 za kushona, karibu gramu 200 za chuma kinachobaki kwenye kiungo. Waya mtupu unaolindwa na gesi hupoteza kidogo sana, kama asilimia 5, hivyo roli ya kilo 5 inatoa madirisha 23 au 24. Waya wenye dawa ndani, usiohitaji gesi, hupoteza kama asilimia 20: madirisha 20. Vijiti hupoteza karibu asilimia 40, kwa maganda na vipande vya mwisho vinavyotupwa, na pakiti ya kilo 2.5 inaishia dirisha la saba.

Gesi yenyewe si ghali kama watu wanavyoogopa. Kwa lita 10 kwa dakika, mtungi wa kilo 10 wa kaboni dayoksaidi unachoma saa 9, na dirisha letu linataka dakika 8 au 9 tu za moto. Ni madirisha zaidi ya 60. Gharama iko kwenye mtungi, regyuleta na usafiri. Anayekaa mjini Mbarara anaweza kupeleka mtungi ujazwe bila safari ndefu. Aliye Nakivale anatembeza chuma kizito chenye gesi ya shinikizo kubwa kilomita 120 kwenda na kurudi, na chombo hicho hakifai kupakiwa kwenye teksi ya abiria. Akifika, anachomea uani, chini ya mti, na upepo wa kawaida tu unatosha kuipeperusha gesi na kuacha kiungo chenye matundu. Huko waya wenye dawa una haki yake. Kumbuka tu kugeuza nyaya ndani ya mashine: waya huo hutaka bunduki iwe upande wa hasi, na wengi husahau kisha wakailaumu mashine.

Lakini namba inayouma zaidi ni ya umeme. Tuchukue uniti moja kwa shilingi 800. Dakika 8 na nusu za moto ni theluthi moja ya uniti, na grinda ya wati 800 ikizunguka nusu saa ni 0.4 nyingine. Kwa umeme wa laini, dirisha zima halifiki shilingi 600.

Kwa jenereta, mzigo wa kVA 3.2 unataka nafasi ya kupumua ya asilimia 30. Tena Nakivale iko mita kama 1,200 juu ya bahari, ambako injini ya petroli hupoteza nguvu karibu asilimia 14. Matokeo ni jenereta ya kVA 5. Ikinguruma saa mbili huku ukipima, ukikata na ukichoma, inakunywa lita mbili na nusu hivi. Petroli ikiwa shilingi 5,500, hizo ni 13,750 kwa dirisha lile lile. Mara ishirini na zaidi. Madirisha 22 kwa mtindo huo yanameza shilingi 300,000.

Hilo ni jambo zito mahali kama Nakivale. Makazi haya yako Isingiro tangu 1958, na leo yanahifadhi Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine, zaidi ya watu 100,000. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na anayeanza kwa kujitengenezea kitanda anaweza kujikuta jirani anamwagiza cha pili. Kila shilingi inayoteketea kwenye petroli imetoka kwenye mfuko wake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ukiwa Mbarara kwenye umeme wa laini, nunua MIG ndogo ya gesi. Ukiwa Nakivale karibu na laini, nunua inayokubali waya wenye dawa na vijiti pia. Ukitegemea jenereta, anza na inveta ya vijiti, tumia vijiti vya milimita 2 kwa bomba jembamba, kata kila kitu kwa msumeno wa mkono, funga viungo vyote kwa klampu, ndipo uwashe jenereta kwa dakika 20. Petroli itashuka hadi shilingi 3,000 hivi.

Ukiwa na shilingi 1,500,000, mashine isizidi 900,000. Inayobaki ni ya kofia yenye kioo cheusi, glavu za ngozi, grinda, klampu na laini ya umeme. Chuma chenye zinki kikwaruze kabla ya kuchoma, kwa sababu moshi wake huleta homa. Na kabla ya kulipa, nenda dukani na kipande chako cha bomba la 1.2, umwombe muuzaji uchome mwenyewe mbele yake. Akikataa, nenda duka la pili.