Lubumbashi: musée yetu, vitu vyetu, na zile picha zilizobaki ng'ambo

Kuna wakaaji wengi wa Lubumbashi ambao hupita kila siku karibu na Bâtiment du 30 Juin bila kuingia hata mara moja katika musée iliyo pale jirani. Wengine wanasema ni pahali pa wageni. Wengine waliingia siku moja tu, wakiwa watoto wa shule, na mwalimu mbele. Lakini ndani ya ile nyumba kuna historia ya watu wa Katanga ambayo haipatikani sokoni wala kwenye telefone.

Musée hiyo ilianza mwaka wa 1946, wakati mji ungali unaitwa Élisabethville, kwa kazi ya Francis Cabu. Maonyesho yake ya kudumu yanahusu mambo ya kale yaliyofukuliwa udongoni na maisha ya makabila yetu: vyungu, vinyago, viti vya wafalme, vyombo vya kazi.

Misalaba ya shaba

Anayeingia asipite haraka mbele ya misalaba midogo ya shaba. Si misalaba ya dini. Wakubwa wetu waliiyeyusha na kuimwaga katika kalibu karne nyingi kabla ya Union Minière kufika. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuaji wa mambo ya kale walianza kufungua makaburi mwaka wa 1957. Katika makaburi ya zamani zaidi yenye misalaba, marehemu aliwekewa mmoja mkubwa kifuani. Katika yale yaliyofuata, misalaba ni midogo na ni mingi, imewekwa karibu na mikono na kiuno. Wataalamu wanaona humo safari ya kitu cha heshima kugeuka makuta ya biashara.

Ndiyo maana Katanga ilipojitenga mwaka wa 1960, iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake. Leo shaba inatoka kwa malori usiku na mchana. Kijana akisimama mbele ya ule msalaba, anaelewa kwamba ufundi wa shaba haukuletwa na muzungu.

Wakaaji walipoleta vitu vyao

Musée haiishi kwa vitu vya kudumu peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanahistoria wa mpango wa « Mémoires de Lubumbashi », kati yao profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, walitayarisha maonyesho yaliyopewa jina la Ukumbusho. Waliomba familia za mji zitoe vitu vya nyumbani na masimulizi yake. Kitu ambacho mama aliona ni cha kutupa kikawa shahidi wa maisha ya mfanyakazi wa kampi. Watu walikuja kujitazama wenyewe.

Tangu 2008 kuna pia Biennale ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na wasanii wa shirika Picha, kama vile Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza. Musée imekuwa moja ya pahali inapofanyikia. Baloji, aliyezaliwa mjini mwaka wa 1978, alijulikana kwa picha zinazounganisha magofu ya viwanda vya Gécamines na sura za wafanyakazi wa wakati wa ukoloni. Mwaka wa 2022 Biennale ilizungumzia sumu katika mji. Kwa mkaaji anayeishi karibu na moshi wa kiwanda, hayo si maneno ya mbali. Kila Biennale inaporudi, ni nafasi ya kuingia na kuona wasanii wa hapa wakiwa pamoja na wa inchi zingine.

Picha zetu ziko Amsterdam

Hata hivyo, kuna pengo kubwa. Katika miaka ya 1970, saloni nyingi za wafanyakazi zilikuwa na picha ukutani: mamba muntu, ao askari akimchapa mfungwa wakati wa « Colonie belge ». Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alizitengeneza kwenye vitambaa vya mifuko ya unga. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya inchi, tangu zamani hadi Lumumba na Mobutu, na akamweleza kila picha profesa Johannes Fabian. Walizungumza Kiswahili, hiki chetu cha Katanga.

Picha 101 za historia hiyo ziko katika musée ya Amsterdam, Uholanzi. Fabian alizinunua, hazikuibwa. Lakini mtoto wa Kenya ao wa Katuba, ambaye angeelewa maelezo bila mkalimani, hana njia ya kuziona. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hajulikani alikoishia.

Kuhusu vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, mlango umefunguka kidogo. Februari 2022, Ubelgiji ilikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyo Tervuren. Juni ya mwaka ule, mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Swali linabaki: siku vitu vya Waluba, Watabwa na Wahemba vitakaporudi, vitasimama Kinshasa peke yake, ao vitafika pia Lubumbashi, karibu na wenye navyo?

Ili vifike, lazima kuwe na paa lisilovuja, umeme usiokatika, wafanyakazi wanaolipwa, na wageni wanaoingia. Hilo la mwisho liko mikononi mwetu. Peleka watoto. Na kama nyumbani kwenu kungali picha ya zamani kwenye kitambaa cha mfuko wa unga, usiitupe. Andika nyuma yake jina la aliyeichora na la aliyeinunua. Maonyesho yajayo huenda yakaanzia pale.