Tumbo ya Vyumba Nne, Mimi Bedsitter

Buda, kaa hapa kwa jiwe, songa kiasi, hapo kuna maji ya dobi. Nataka kukupigia story ya msomi.

Niko na digrii ya Animal Science. Cheka. Maliza. Tuendelee.

Miaka nne nimesomea ng'ombe, msee. Najua tumbo yake iko na vyumba nne: moja ya kuloweka nyasi, moja ya kuchuja, moja ya kunyonya maji, na ya mwisho ndio sasa tumbo ka ya mimi na wewe. Vyumba nne! Mimi mwenye digrii niko bedsitter Umoja, nikikaanga mayai mto unanuka vitunguu. Ng'ombe iliomoka kitambo.

Ilianza aje? KCSE nilitoka na B plain. Mathe akapiga nduru, mzae akachinja jogoo. Siku ya kujaza kozi nikaingia cyber na soo moja, laini imefika kwa ngazi. Choice ya kwanza nikaweka Architecture, cluster points zikanicheka. Ya pili Design, nayo ikanicheka. Kufika ya mwisho nimebakisha dakika mbili na msee wa cyber ananipumulia shingo: "Weka yoyote bro, si utabadilisha." Nikaweka yoyote. Yoyote ndio nimesomea.

Barua ikafika ocha, Ol Kalou. Mzae akaona neno Animal, akatangazia kijiji mzima kijana ni daktari wa ng'ombe. Zii. Hiyo ni Vet, miaka tano, na wale huvaa gamboti ya maana. Mimi nilisomea venye ng'ombe inakula, inazaa na inanenepa. Lakini nani atamwambia? Mpaka wa leo, saa kumi na moja asubuhi simu inalia: "Daktari, ndama ya jirani inaharisha." Namwambia waite vet. "Si ndio nimeita?" Wueh.

Sasa cheki. Ungefungua notes zangu za kampo ukianza nyuma, hungejua ni za ng'ombe. Lec anachora grafu ya maziwa, mimi nachora lec akiwa na pembe. Wasee wa hosteli wakaanza kunilipa. Sura ya manzi ya Valentine, soo mbili. Poster ya msee anagombea kiti ya wanafunzi, soo tano, na alishindwa, lakini alishindwa akikaa fiti. Third year nilikuwa najinunulia mandondo na boom ya HELB haijaingia.

Nikagraduate. Gauni ya kukodisha, yale mataji ya kung'ara mpaka nikakaa mti ya Krisi. Alafu kutarmac, miezi kumi na moja. Kazi za digrii yangu ziko, sitakudanganya: kampuni za feeds, maziwa, kuku, county. Sikuzipenda, nazo hazikuwa zimenimiss. Na HELB inakungoja tu polepole na riba yake ya 4% kwa mwaka, ka shangazi mwenye hasahau.

Kuambia familia nataka kuchora, hapo ndio sinema. Anko mmoja, mwenye hawezi tumia ATM bila soja kumshikia kofia, akaniuliza hiyo graphics ni ile graph ya hesabu. Mwingine akasema kuchora ni ya nasari. Shosho hakubishana, alifunga macho tu akaanza kuniombea hapo hapo kwa meza, chai ikapoa. Alafu juzi serikali yenyewe ikaweka Arts and Sports Science kati ya zile njia tatu za senior school, Grade 10 wa kwanza wakaingia Januari 2026. Mdogo wangu akasema hiyo ndio yake. Mathe yuko kwa novena vile tunaongea.

Na swali ya mazae huwa moja: "Taja mtu mmoja tu alifaulu hivyo." Shika. Nameless alikuwa UoN anasomea architecture wakati ngoma yake Megarider ilitoka, 1999. Wahu, wa muziki pia, hesabu. Osborne Macharia, architecture, na Marvel wakamtafuta apige picha za Black Panther ikitoka 2018. Mutua Matheka, ule wa kufanya Nairobi ikae mji wa sinema? Architecture tena! Hiyo kozi ni art school ya Kenya, imevaa tu helmet. Binyavanga Wainaina alienda South Africa kusomea commerce, commerce ikamshinda, 2002 akabeba Caine Prize ya waandishi. Wanuri Kahiu alianza na management science Uingereza kabla aguse kamera, na 2018 Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes. Huku nyumbani ikapigwa ban, lakini hiyo ni ya siku ingine.

Wa Animal Science hakuna hata mmoja. Nimetafuta. Niko pekee yangu kwa hii boma.

Basi nikaanza. Na nikaanza vibaya, ka kila mtu. Bio nikaandika Creative Director, followers 43, nusu binamu. Nikanunua beanie Toi, jua ya Februari inachoma, nimevaa tu. Nikaanza kuenda Westi kufanyia kazi kwa kahawa ya soo nne. Soo nne! Kikombe moja, masaa sita, juu ya WiFi. Weita akaanza kufagia chini ya miguu yangu hadi nikainua kama mtoto. Chai ya kibanda ni mbao, na mama anakuongezea bila kuombwa.

Alafu MacBook. Kuna wasee wanaamini talanta hukaa ndani ya MacBook. Beshte yangu alichukua loan ya app akanunua ya mtumba, betri inashika dakika arobaini. Sai anatembea na extension kwa bag ka fundi wa stima. Akiingia mahali hasalimii watu, anatafuta soketi.

Lakini yenye ilinikula chapaa kuliko hizo zote ni neno moja: mteja. Kwa Kiswahili ya shule, mteja ni mtu ananunua kazi yako. Mtaani, mteja ni simu imezimwa. Ilinichukua mwaka mzima kugundua ni mtu mmoja. Asubuhi ni mteja, jioni amekuwa mteja. Logo tumeelewana soo tano, ameibadilisha rangi mara tisa, anataka ikae ya bei lakini "simple". Unamtumia, anakujibu, "Wow bro, uko na talent." Ukisikia talent, jua doo hakuna. Wengine wanakuambia watakulipa na exposure. Nilipelekea landlord exposure. Akaweka kufuli yake juu ya yangu.

Sai form ni hii: nusu M-Pesa kabla nifungue lapi, nusu ingine kabla nitoe watermark. Mwenye atakimbia, akimbie. Anko zangu wakisikia hiyo wanasema nimekuwa na kiburi. Hao ni watu wanauza ng'ombe kwa deni.

Mchongo wa ukweli ulinipata Kariobangi Light, nimesindikiza msee anachomelewa grili. Kando hapo kuna yadi ya bodi za mat. Buda, ka hujawahi ona nganya ikiwa uchi, hujaona kitu. Isuzu NQR inaingia chassis tupu, mifupa. Mafundi wanaivalisha bati, madirisha, siti 33, alafu wanakuja wachoraji. Michuki rules za 2004 zilikuwa zimenyamazisha hii sanaa, mats zikabaki na ule mstari wa njano ka sare ya shule. Baadaye Uhuru akiwa rais akasema vijana waachwe wachore. Spray ikarudi na hasira.

Nikaomba wanifunze. Wiki mbili nilibandika masking tape na kupiga msasa, hakuna kingine. Kucha nyeusi, kamasi ya rangi ya zambarau. Mwenye alinifunza aliachia class eight, na mkono yake ikishika airbrush haitetemeki hata kompresa ikipiga kelele ka lori. Digrii yangu hapo ilikuwa na kazi moja: kuchekesha watu saa ya lunch. Waliniita Daktari. Mzae angefurahi.

Siku moja mwenye gari akataka fahali nyuma. Hakutaka ile ya Chicago Bulls, hiyo kila mtu amechora mpaka imechoka. Alitaka fahali ya ukweli, inakuja mbio, pua inatoa moshi. Wasee wakajaribu kwa karatasi. Moja ikakaa mbuzi imenyimwa change. Ingine ikakaa mbwa ya plot imewekewa pembe. Nikaomba penseli.

Mimi najua bega ya ng'ombe inakaa wapi. Najua nundu inaanzia wapi, na mguu wa nyuma ukisukuma, msuli gani inavuta gani. Miaka nne ya Yoyote ikatoka kwa mkono dakika ishirini. Yadi ikatulia. Msee wa kompresa akazima kompresa. "Daktari," akasema, na hiyo siku hakuna mtu alicheka.

Nililipwa. Nusu mbele, obvious.

Mwezi uliopita mzae akakuja Nai. Ameshuka Nyamakima na gunia ya viazi na maswali. Nikampeleka stage moja kwa moja. Mat imepaki, ngoma inagonga hadi kofia ya mzae inacheza pekee yake, makanga ananing'inia, mamanzi wanapiga selfie na fahali yangu. Nimesimama hapo kifua mbele, naskia ka nimejenga KICC.

Mzae akazunguka nyuma. Akacheki. Akasonga karibu, akacheki mbavu, akacheki nyonga, akainama akacheki penye mkia unaanzia. Akagusa nundu na kidole.

"Hii ng'ombe haikuli vizuri," akasema. "Na wewe ndio daktari."

Nilitaka kumjibu. Mdomo ulikuwa ushafunguka. Alafu nikaangalia. Kampo tulifunzwa kupima unene wa ng'ombe kwa skeli ya 1 hadi 5, na mahali unaangalia ni hapo hapo mzae ameangalia: mbavu, nyonga, shina la mkia.

Maze. Fahali yangu ni 2.