Tufe Halitupwi: Fainali ya Wanaume ya Doha 2019 na Lugha ya Kanuni za Riadha

Tarehe 5 Oktoba 2019, katika Uwanja wa Khalifa mjini Doha, fainali ya wanaume ya kurusha tufe katika Mashindano ya Dunia ya Riadha ilimalizika kwa matokeo ambayo Kiswahili cha habari za michezo hupata taabu kuyaeleza. Joe Kovacs wa Marekani alitwaa dhahabu kwa mita 22.91. Mmarekani mwenzake, Ryan Crouser, alipata fedha kwa mita 22.90, na Tom Walsh wa New Zealand akapata shaba kwa mita 22.90 hizo hizo. Makala haya yanafafanua kanuni zilizozaa matokeo hayo. Yanadai pia kwamba istilahi tulizozizoea, hasa kitenzi *kutupa* na nomino *sare*, zinaficha kiini cha mchezo wenyewe.

Tuanze na mwenendo wa fainali. Walsh alifikia mita 22.90 katika raundi ya kwanza, akaifuta rekodi ya mashindano ya mita 22.23 iliyowekwa na Werner Günthör wa Uswisi mjini Roma mwaka 1987. Rekodi iliyodumu miaka 32 ilizidishwa kwa sentimita 67 kwa jaribio moja. Hadi raundi ya tano hakuna aliyemfikia, na Kovacs alikuwa katika nafasi ya nne. Katika raundi ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho, wanamichezo hufuatana kuanzia wa chini hadi anayeongoza. Hivyo Kovacs alitangulia, akafikia mita 22.91. Crouser alipoingia kwenye duara alipata 22.90. Walsh, aliyeongoza tangu mwanzo, alibaki na jaribio moja, nalo halikutosha. Darlan Romani wa Brazil alimaliza wa nne kwa mita 22.53, umbali ambao ungempa dhahabu katika mashindano yote ya dunia yaliyotangulia.

Kwa nini basi Crouser na Walsh hawakugawana medali? Kanuni inasema kwamba majaribio bora ya wawili yakilingana, huangaliwa jaribio bora la pili la kila mmoja. La Crouser lilikuwa mita 22.71, nalo lilizidi la Walsh. Mtangazaji anayesema kwamba wawili hao "walitoka sare" anampotosha msikilizaji, kwa kuwa *sare*, kama tulivyoipokea kutoka kwenye soka, ni tokeo la mwisho: mchezo umekwisha na hakuna mshindi. Hapa kulingana ni hatua tu ya kuelekea uamuzi. Tunapendekeza *kulingana kwa jaribio bora* na *jaribio bora la pili*. Ni maneno ya kawaida, na pengine ndiyo sababu hayajatazamwa kama istilahi.

Suala la vipimo ni zito zaidi. Umbali hurekodiwa kwa sentimita kamili, na sehemu yoyote ya sentimita inayozidi huachwa. Hivyo mita 22.91 katika matokeo humaanisha umbali wowote kuanzia 22.91 lakini usiofika 22.92. Kwa hesabu hiyo, pengo halisi kati ya Kovacs na waliomfuata lingeweza kuwa chini ya milimita moja au kukaribia sentimita mbili, na inawezekana kabisa kwamba tufe la Walsh lilianguka mbele kidogo ya lile la Crouser. Kanuni haijali. Hapa panahitajika tofauti ya wazi kati ya *umbali halisi* na *umbali uliorekodiwa*. Tafsiri yoyote ya kanuni inayotumia neno *umbali* peke yake itamwacha mwamuzi wa shule ya upili akibishana na mzazi bila silaha.

Sasa turudi kwenye kitenzi. Tufe la wanaume lina uzito wa kilo 7.26 na hutolewa ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135. Kanuni inataka litolewe begani kwa mkono mmoja. Mwanamichezo anapoanza, tufe ligusane na shingo au kidevu, au liwe karibu sana navyo. Mkono usishuke kutoka hapo wakati wa tendo, wala tufe lisipelekwe nyuma ya mstari wa mabega. Tendo linaloelezwa hapo ni kusukuma. Anayetupa jiwe hupeleka mkono nyuma ya bega kwanza, na hilo ndilo hasa lililokatazwa. Mtoto aliyeambiwa "tupa tufe" atatii lugha yake, na kwa kutii atafanya kosa, huku akiutwika uzito mkubwa kiwiko ambacho hakikuandaliwa kuubeba.

*Kurusha* ni afadhali kidogo, kwa kuwa ni kufanya kitu kiruke na hakutaji njia. *Kutupa* kuna mzigo mwingine: tunachokitupa aghalabu hatukitaki tena, kama jongoo na mti wake. Lugha jirani zetu za kikoloni nazo hazikubaliani. Kiingereza kilichagua kitenzi kisicho cha kutupa. Kifaransa, kinachosomwa Burundi na Kongo, kinazungumzia kurusha uzito. Mtafsiri anayeanzia Kifaransa na anayeanzia Kiingereza watafika mahali tofauti, na wote wawili wataitwa sahihi.

Ipo hoja kinzani inayostahili kusikilizwa. Washindi wote watatu wa Doha walitumia mtindo wa kuzunguka, uliopata umaarufu miaka ya 1970 kupitia Aleksandr Baryshnikov wa Muungano wa Kisovyeti, badala ya mtindo wa kuteleza wa Parry O'Brien wa miaka ya 1950. Mtazamaji akiwaona wakizunguka kama warusha kisahani, atasema wanatupa. Lakini mzunguko hujenga kasi tu. Kinachofuata, pale mkono unaponyooka, bado ni msukumo kutoka begani, na kanuni haikubadilishwa kwa ajili ya mtindo huo. Iliyopigwa marufuku ni sarakasi ya kupinduka mwili mzima.

Hatupendekezi jina la mchezo libadilishwe. *Kurusha tufe* limezoeleka, na wasemaji hawaamriwi kwa waraka. Linalowezekana ni kwamba vyombo vya lugha, kama vile Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vitenganishe jina na fasili: jina libaki *kurusha tufe*, na matini ya kanuni iseme *kusukuma tufe kutoka begani kwa mkono mmoja*. *Kutupa* kuondolewe katika miongozo ya walimu wa michezo. Kazi hiyo ifanywe na wanaisimu wakiwa wameketi pamoja na waamuzi wa riadha, tena karibu na duara lenyewe, kwa kuwa orodha za istilahi zinazoandaliwa ofisini zimekuwa na desturi ya kufika uwanjani zikiwa zimechelewa.