Kivu: Kahawa, maziwa na karanga, kokteli ya kutengeneza nyumbani

Kahawa ya arabika inayovunwa kwenye milima ya kando ya ziwa Kivu, huko Idjwi, Kalehe na Minova, inanywewa sana Ulaya na Marekani. Nyumbani kwa yule anayeilima, mara nyingi kinachokorogwa kikombeni ni chai, au kahawa ya kopo iliyotoka ng'ambo. Kwa miaka mingi wakulima walivusha magunia usiku kwa mitumbwi ili wayauze Rwanda, na wengi walizama ziwani. Ushirika wa SOPACDI, ulioanzishwa Minova mwaka 2003, ni kati ya zile zilizowafungulia njia ya kuuza moja kwa moja kwa wanunuzi wa nje. Kuinywa hapa hapa, tena ikiwa tamu, hakuhitaji mashine ya hoteli.

Katika baa za Ulaya, kokteli ya kahawa yenye ladha ya njugu hutengenezwa kwa Frangelico, pombe tamu ya Italia, pamoja na Baileys ya Ireland, ambayo ni krimu na whisky. Chupa hizo ni ghali. Karanga za kusaga na maziwa vinatosha kushika nafasi yake.

Kazi kubwa iko kwenye karanga. Chagua zisizo na chumvi, kwa sababu chumvi inaharibu kila kitu. Tupa zilizokunjamana, zenye ukungu au zenye uchungu: zinaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayodhuru ini, na kukaanga hakuimalizi. Zilizo nzuri zikaange kwa moto mdogo wa makala hadi zigeuke rangi ya dhahabu. Zikiungua, uchungu wake utafunika kahawa. Menya maganda, kisha saga hadi zitoe mafuta na kulainika kabisa. Vijiko vikubwa viwili vya karanga hizo vinatosha watu wanne. Mwenye mzio wa karanga asiionje hata kidogo.

Kahawa iwe nzito: vijiko vikubwa vinne vya unga kwa mililita 300 za maji. Maji yakichemka, epua, tia unga, koroga, funika dakika nne, kisha chuja kwa kitambaa safi.

Maziwa, mililita 300, yachemshwe vizuri, hasa yale ya bidoni yanayotoka Masisi, kwani maziwa mabichi yanaweza kuleta magonjwa. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanatia karanga moja kwa moja kwenye kahawa, na mafuta yanaelea juu. Mafuta hayapatani na maji. Weka karanga kwenye bakuli, ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, hadi upate uji laini. Ndipo umimine maziwa yaliyobaki, kisha kahawa, na vijiko viwili vya sukari au asali.

Ili kupata povu, tumia mikseri. Ambaye hana umeme aache kinywaji kipoe kiwe vuguvugu, akitie ndani ya chupa yenye mfuniko mzuri na kukitikisa kwa nguvu kwa dakika moja. Kikiwa cha moto sana, mvuke unaweza kurusha mfuniko na kumuunguza mtu.

Anayetumia pombe anaweza kuongeza mililita 30 za rum au whisky kwa kila glasi, mbali na mbabula, maana pombe kali inashika moto haraka. Kanyanga haifai, kwa sababu hakuna anayejua nguvu yake wala kilichomo. Bila pombe, kinywaji hakipungukiwi kitu, na kusema kweli ladha ya kahawa inasikika vizuri zaidi.

Kinyweke siku hiyo hiyo. Penye friji, kinaweza kukaa hadi kesho yake. Karanga zitakuwa zimetua chini, kwa hiyo kitikiswe tena kabla ya kumimina juu ya barafu.