Kauli ya Ndani na Kauli ya Nje: Uteuzi wa Vijajuu vya Kiini cha Linux kwa Programu za Mtumiaji

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili suala ambalo kwa desturi huachiwa wahandisi wa kompyuta, nalo ni uamuzi wa sehemu zipi za matini ya kiini cha mfumo wa uendeshaji zionyeshwe kwa programu za mtumiaji, na zipi zibaki ndani. Mfano tutakaoutumia ni wa Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki, Finland, mwaka 1991. Tumeuchagua kwa sababu matini yake yote iko wazi, na historia ya uamuzi huo inaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Msomaji anaweza kuuliza mwanaisimu anatafuta nini huko. Jibu letu ni kwamba tatizo hili ni la maana na muktadha kabla halijawa la mashine, na kwamba waliolishughulikia walilazimika kufikia kigezo ambacho sisi tunakifahamu kwa jina jingine.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa. Kiini ni programu inayotawala mashine: hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za kichakataji na kusimamia vifaa. Programu nyingine zote, kuanzia kihariri cha matini hadi kivinjari, ni programu za mtumiaji, nazo hazigusi mashine ila kwa kukiomba kiini kupitia miito ya mfumo. Kijajuu ni faili la lugha ya C lenye fasili: majina ya maumbo ya data, thamani za namba, na aina za vigezo. Neno kijajuu tumeliazima kutoka kwa watumiaji wa programu za uchapaji, ambako lina maana ya maandishi yanayorudiwa juu ya kila ukurasa. Tunakiri kwamba halikai sawasawa hapa, lakini lina faida ya kuingia katika ngeli ya KI-VI bila taabu.

Kwa kompaila, kijajuu ni kamusi. Msimbo unapotaja jina, kompaila hutafuta fasili yake humo. Wanaokiandika kiini wanaihitaji kamusi hiyo ili waelewane wao kwa wao. Hali kadhalika, programu ya mtumiaji inaihitaji, kwani isipojua umbo la data ambalo kiini kinatarajia, haiwezi kukiomba lolote.

2.0 Kamusi moja, wasomaji wawili

Katika miaka ya 1990 suluhisho lilikuwa rahisi, tena mno. Saraka ya vijajuu ambayo kompaila huisoma, yaani /usr/include/linux, ilifanywa kuwa kiungo kinachoelekeza moja kwa moja kwenye matini ya kiini iliyokuwamo katika mashine ileile. Mwenye mashine alipobadilisha matini ya kiini, kamusi ya programu zake zote ilibadilika pia, hata kama maktaba ya C ambayo programu hizo ziliitegemea ilikuwa imejengwa kwa kamusi ya zamani. Mwaka 2000 Torvalds alieleza bayana kwamba utaratibu huo haufai: vijajuu vinavyoonekana kwa programu vinapaswa kuwa vile vilivyotumika kuijenga maktaba ya C, si vya kiini chochote kile kilichopo katika mashine kwa wakati huo.

Ndani ya mafaili yenyewe mpaka uliwekwa kwa alama moja, __KERNEL__. Kiini kinapojengwa, alama hiyo huwa imefasiliwa. Programu ya mtumiaji inapojengwa, haipo. Mwandishi aliyetaka kuficha fasili aliizungushia sharti: iwapo alama ipo, soma, kama haipo, ruka. Utaratibu huu una dosari ambayo ni rahisi kuipuuza. Kila kisichofichwa kilikuwa kimetangazwa. Mwandishi aliyesahau kuweka sharti alikuwa ametoa ahadi kwa ulimwengu bila kujua kwamba ametoa, na hakuna aliyemwuliza kama alikusudia.

Ahadi hiyo haikuwa jambo dogo. Kanuni ambayo Torvalds ameishikilia kwa ukali ni kwamba badiliko la kiini lisiharibu programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi. Kwa hiyo fasili inayotolewa nje na ikatumika huwa haiwezi kurudishwa. Waliofanya kazi ya kusanifu istilahi wanaijua hali hii: neno baya likishaingia katika vitabu vya shule, kamati inaweza kulilaumu, lakini haiwezi kulifuta.

3.0 Maneno yanayomtegemea msemaji

Hapa ndipo suala linapomgusa mwanaisimu moja kwa moja. Katika lugha yapo maneno ambayo maana yake haikamiliki bila kumjua msemaji, mahali alipo na wakati anaposema: hapa, pale, jana, mimi. Barua isiyo na tarehe inayosema "nitafika kesho" ni sahihi kisarufi, wala haimsaidii aliyeiokota. Vijajuu vya kiini vimejaa maneno ya aina hiyo, na madhara makubwa yalitokea pale yalipotolewa nje kana kwamba ni nomino za kawaida.

Mfano wa kwanza ni asm/atomic.h kwa vichakataji vya jamii ya i386. Faili hili lilikuwa na amri za kuongeza au kupunguza namba kwa namna isiyoweza kukatizwa. Waandishi kadhaa wa programu za mtumiaji waliliona, wakalipenda, wakalitumia. Ambacho hawakukizingatia ni kwamba kiambishi cha amri ambacho hufunga kumbukumbu, ili kichakataji kingine kisiingilie kati, kiliwekwa kwa sharti: kiwepo tu ikiwa kiini kinajengwa kwa mashine yenye vichakataji zaidi ya kimoja. Sharti hilo, CONFIG_SMP, hujulikana wakati wa kujenga kiini peke yake. Programu ya mtumiaji hailijui. Ilipolisoma faili hilo, ilipata amri isiyo na kufuli, huku jina lake likiendelea kudai kwamba haikatiziki. Katika mashine yenye kichakataji kimoja hakuna aliyegundua kitu. Katika mashine yenye viwili, hesabu ziliweza kupotea kimyakimya. Huu ndio ubaya wa neno la kimuktadha lililong'olewa: halikatai kutumika, bali linakubali na kusema uongo.

Mfano wa pili, ambao kwa maoni yetu ndio wenye mafunzo mengi zaidi, ni HZ. Jina hili lilikuwa idadi ya midundo ya saa ya kiini kwa sekunde moja. Kwa miaka mingi katika i386 idadi hiyo ilikuwa 100, na programu za kuonyesha muda uliotumika ziliichukua namba hiyo kutoka katika kijajuu na kugawanya kwayo. Katika toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, kiini kilihitaji mdundo wa haraka zaidi, nacho kikapandishwa hadi 1000 kwa sekunde. Lau hesabu mpya zingetolewa nje kama zilivyo, kila programu ya zamani ingesoma sekunde moja kuwa sekunde kumi. Kwa sababu hiyo ilibidi kiini kiwe na majina mawili. Ndani, HZ ni mdundo halisi, ambao siku hizi huchaguliwa na anayekijenga kiini. USER_HZ ni mdundo ule unaosimuliwa kwa watu wa nje, nao umebaki 100. Kiini hudunda kwa kasi yake, kisha hutafsiri hesabu kabla ya kuzitoa. Nje, katika kijajuu kinachoonekana kwa programu, HZ bado ipo na bado ni 100, ingawa hakuna tena kitu ndani ya mashine ambacho ni lazima kidunde mara 100.

Tunaona hapa uwililugha uliozaliwa kwa bahati mbaya. Hakuna aliyeamua kwamba mdundo wa saa uwe sehemu ya mazungumzo baina ya kiini na programu. Ulivuja, ukazoeleka, na uliozoeleka ukawa sheria. Ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu, PAGE_SIZE, ulikuwa na hatari hiyohiyo. Programu nyingi zilidhani ni baiti 4096 daima, ilhali katika vichakataji vya ARM vya biti 64 kiini kinaweza kujengwa kwa kurasa za kilobaiti 4, 16 au 64. Jambo kama hili programu inapaswa kuliuliza mashine inapoendeshwa, si kulisoma katika kamusi iliyochapwa kwingine.

Kigezo kinachojitokeza ni kwamba fasili haistahili kutolewa kwa sababu tu ni ya manufaa. Inastahili ikiwa ni sehemu ya mazungumzo yenyewe baina ya pande mbili, na ikiwa maana yake inabaki ileile kwa msomaji asiyejua kiini kilijengwaje. Siku hizi hati ndogo inayosafisha vijajuu kabla ya kutolewa hukagua kama yamesalia majina yanayoanza na CONFIG_, na hupinga yanapopatikana.

4.0 Kutoka orodha hadi mahali

Marekebisho ya kitaasisi tutayapitia kwa ufupi. Toleo la 2.6.18, la Septemba 2006, lilileta amri ya kutoa vijajuu vilivyosafishwa, kwa kufuata orodha ya mafaili yaliyoteuliwa. Kabla ya hapo kila msambazaji alijisafishia mwenyewe. Mwaka 2012, katika toleo la 3.7, fasili za nje zilitenganishwa na za ndani na kuwekwa katika saraka zao, zijulikanazo kwa jina uapi. Mwaka 2017 orodha ziliondolewa: chochote kilichomo katika saraka hizo hutolewa.

Kwa mtazamo wa juujuu, ni kuhamisha mafaili tu. Hata hivyo, badiliko la 2012 liligeuza mzigo wa kukumbuka. Zamani mwandishi alipaswa kukumbuka kuficha. Sasa hana budi kuamua kutangaza, na wanaokagua kazi yake huliona jina la saraka kabla hata hawajasoma mstari mmoja.

5.0 Majina yanayogongana

Si kila fasili inayofaa kutolewa hutoka kwa amani. Mwanafunzi mmoja wa uzamili tuliyemsimamia alikuwa akitayarisha programu ya kuhamisha matini za korpasi kati ya kompyuta mbili, na kompaila ilikataa kwa madai kwamba umbo in6_addr limefasiliwa mara mbili. Ilikuwa kweli. Maktaba ya C inalo katika netinet/in.h, na kiini kinalo katika linux/in6.h, na zote mbili zina haki ya kulisema. Tangu 2013 lipo faili la upatanishi ambalo huwezesha kijajuu cha kiini kunyamaza kinapotambua kwamba maktaba imekwisha kusema. Mwanafunzi wetu alikuwa na vijajuu vya kabla ya mapatano hayo.

Kwa sababu hiyohiyo aina za namba huitwa __u32 na __u64 zinapotoka nje, na si u32 na u64 kama zinavyoitwa ndani. Kiwango cha C kimeyatenga majina yenye mistari miwili ya mwanzo kwa ajili ya mfumo, hivyo mwandishi wa programu anabaki na uhuru wa kutumia u32 apendavyo. Hatari zaidi ni homonimu: sigset_t ya kiini ina biti 64 katika vichakataji vingi, ilhali ya maktaba ya glibc ina biti 1024. Jina ni moja, na anayechanganya mawili haya anaweza asipate onyo lolote kutoka kwa kompaila.

Mgongano wa muda mrefu kuliko yote ni wa wakati. Katika mashine za biti 32, umbo lililotolewa nje kwa ajili ya sekunde lilikuwa na biti 32, nazo hazitoshi kuhesabu kupita tarehe 19 Januari 2038. Umbo hilo halikuweza kupanuliwa, kwa kuwa lilikwisha kuahidiwa. Mwaka 2019, katika toleo la 5.1, mashine hizo ziliongezewa miito mipya ya mfumo inayotumia __kernel_timespec, yenye sekunde za biti 64, na umbo la awali likabaki, likapewa jina linalokiri umri wake, __kernel_old_timespec. Programu zilizojengwa zamani bado zinakizungumzia kiini kwa umbo hilo nacho kinazielewa. Kwa saa za Afrika Mashariki, hesabu yao itafika kikomo asubuhi hiyo ya Januari, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne.