Utambuzi wa Kalsiamu na Magnesiamu katika Maji ya Visima vya Makangale

Ugumu wa maji ya visima vya pwani, kama vile vya Makangale, Pemba, huweza kutokana na mawe ya matumbawe, yenye kalsiamu nyingi, au na bahari, ambamo magnesiamu huizidi kalsiamu takriban mara 3 kwa uzito. Kaboneti ya sodiamu haibainishi chanzo, kwa kuwa ioni zote mbili hutoa mashapo meupe. Kwa hiyo, sampuli hutiwa kwanza kloridi ya amoni, amonia na oksalati ya amoni. Mashapo ya kalsiamu huchujwa. Fosfati ya sodiamu ikiongezwa katika maji yaliyochujwa, mashapo mapya meupe huthibitisha magnesiamu. Uzito wa mashapo ukionesha magnesiamu imezidi, kisima kinashukiwa kuingiliwa na bahari.